Kovu la Mkono wa Kushoto

Daktari alipomwambia mjomba kwamba saratani yake ya kibofu itatibiwa kwa BCG, mzee alicheka. "Si hiyo ni chanjo ya watoto?" Mimi nikaangalia kovu kwenye mkono wangu wa kushoto. Ndiyo hiyo hiyo, bana: bakteria hai waliopunguzwa makali, ila safari hii wanapitishwa kwa mrija hadi kwenye kibofu. Usiku huo sikulala. Nilifuata stori hiyo hadi New York, 1891.

Januari mwaka huo, daktari kijana William Coley alimpoteza mgonjwa wa miaka 17, Bessie Dashiell. Alikuwa amemkata mkono, lakini saratani ikasambaa tu. Coley akapekua faili za zamani na kukuta mhamiaji Mjerumani ambaye uvimbe wa shingo ulitoweka baada ya kuugua maambukizi makali ya ngozi. Akamtafuta mtaa kwa mtaa, akampata mzima. Basi akaanza kuwadunga wagonjwa bakteria hai. Kuna waliopona, kuna waliouawa na maambukizi yenyewe. Akahamia bakteria waliokufa, lakini matokeo yalikuwa ya kubahatisha, na mionzi ilipoingia, wengi wakampuuza. Alifariki 1936.

Miaka 40 baadaye, 1976, Alvaro Morales wa Kanada alichapisha matokeo ya BCG kwenye kibofu. Leo ni tiba ya kawaida.

Wengine wameenda mbali zaidi. Otto Warburg alionyesha miaka ya 1920 kwamba uvimbe hula sukari kwa pupa. Ndani yake oksijeni ni haba, dawa hazifiki vizuri, ila kuna bakteria wanaopapenda. Mwaka 2002 wagonjwa walidungwa Salmonela waliobadilishwa jeni. Miili iliwavumilia, lakini uvimbe haukupungua. Mwaka 2021, watafiti Uswisi waliunda bakteria wanaochukua amonia, taka za uvimbe, na kuigeuza ajinini, ambayo seli za kinga huihitaji ili zipigane. Wakichanganywa na dawa ya kuamsha kinga, walifaulu kwa panya.

Panya si mjomba, najua. Yeye ana dozi sita, moja kila wiki, na kila mara anajibana saa mbili bila kukojoa. Kesho ni ya tatu. Jana kanipigia: "Mpwa wangu, hao wadudu wako wanafanya kazi kweli?"

Nilimsimulia habari za yule Mjerumani. Sikumsimulia za Bessie.