Mpira, Misuli na Uzee: Kutoka Akron hadi Kibera

Mazoezi ya kuvuta mpira huipa misuli kazi bila kunyanyua vyuma. Mkanda ukivutwa kidogo huwa mwepesi, ukivutwa zaidi hukaza, hivyo anayeuvuta ndiye anayejipimia ugumu. Kwa mzee wa Kibera au Kawangware jijini Nairobi, nguvu inayotafutwa si ya kujaza mikono ya shati. Ni ya kuinuka baada ya kuchuchumaa chooni, kuvuka mtaro wa majitaka na kupanda ngazi za ploti zisizo na kishikio.

Mpira wenyewe haukufaa kazi hiyo hadi mwaka 1839, Charles Goodyear wa Marekani alipogundua kwamba ukipashwa moto pamoja na salfa haunati kwenye joto wala kukatika kwenye baridi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop wa Belfast alipata hataza ya tairi la upepo, baiskeli zikaenea, na mpira ukageuka mali. Gharama ililipwa Afrika: katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kwa mijeledi na bunduki kugema mpira wa msituni. Enzi hiyohiyo mnyanyua vyuma Eugen Sandow alikuwa akiuza Ulaya vifaa vya mazoezi vyenye kamba za mpira. Kilichonadiwa ni umbo la kupendeza. Uzee haukuwa biashara.

Kibera nayo ilikuwa ikizaliwa. Askari Wanubi, wenye asili ya Sudan, wa jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles, walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Kawangware, upande wa Dagoretti, ilikuwa ardhi ya Wakikuyu kabla ya kuingizwa ndani ya mipaka ya jiji miaka ya 1960. Tofauti hii ina uzito katika habari ya uzee. Vibarua wengi wa Nairobi walikuja mjini wakitarajia kuzeekea mashambani, lakini Wanubi hawakuwa na mashamba ya kurudia, na familia zilizomiliki ardhi Kawangware zilikuwa tayari nyumbani. Kwa hiyo mitaa hii miwili imekuwa na wazee wake tangu zamani, hata kama picha ya mitaa ya mabanda ni ya vijana tu.

Wazee hao waliaminika kuwa na nguvu kwa sababu walifanya kazi. Imani hiyo ina ukweli nusu. Kubeba mtungi wa maji wa lita 20 huchosha mgongo na magoti bila kuongeza nguvu kwa mpango, maana mzigo haupunguzwi siku mwili ukiuma. Kuanzia umri wa miaka 50 hivi misuli hupungua takriban asilimia 1 kila mwaka, na mtaalamu wa Marekani Irwin Rosenberg ndiye aliyeipa hali hiyo jina, sakopenia, mwaka 1989.

Wataalamu wa tibamaungo walikuwa wamekwisha kuazima mirija ya mpira ya hospitalini ili kuwanyoosha wagonjwa. Mwaka 1978 kampuni ya Hygenic ya Akron, Ohio, ikatoa mkanda wa Thera-Band, wenye rangi zinazoonyesha ugumu: wa manjano mlaini, mwekundu na wa kijani migumu zaidi, mweusi mgumu kuliko hiyo. Akron ndio mji ilikoanzishwa kampuni ya matairi ya Firestone, ambayo jina lake liliwahi kusomwa kwenye matairi yaliyotengenezwa Nairobi kwenyewe.

Shaka kubwa, kama wakongwe wanaweza kuongeza nguvu, ilivunjwa Boston mwaka 1990. Wakazi 10 wa makao ya wazee, wenye wastani wa miaka 90, walifanyishwa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Walitumia vyuma, si mpira, lakini nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Nairobi ina ushahidi wa aina yake: huko Korogocho, akina shosho wa kikundi cha Shosho Jikinge wamejifunza kupiga ngumi na mateke ili kujikinga na wabakaji.

Kibera na Kawangware, mkanda wa dukani una mpinzani wa bei ya chini: blada, ukanda unaokatwa kwenye tyubu kuukuu, unaofunga mizigo ya baiskeli na mikokoteni na kutengenezea feya (manati) za watoto. Blada huvutika vizuri, ila haina rangi ya kupimia ugumu, na ikikatika ghafla humchapa mtu usoni. Mzee huketi kwenye kiti kisichoyumba, akapitisha mkanda chini ya kiatu, akavuta polepole huku akitoa pumzi; kuzuia pumzi hupandisha presha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, na yanayohusisha usawa wa mwili siku tatu au zaidi. Mkanda ukaguliwe kila mara kabla ya kuvutwa, na wenye ufa utupwe.