Argwings-Kodhek: Wakili aliyesimama na wanyonge wa Nairobi

UKITAJA jina la Argwings-Kodhek jijini Nairobi leo, wengi watakuelekeza kwenye barabara. Barabara hiyo hupitia Hurlingham na Kilimani, penye hospitali kubwa ya Nairobi Hospital, maduka ya kisasa na afisi nyingi, zikiwemo za mawakili. Ni upande wa magharibi wa jiji, ambao zamani Mwafrika hakuruhusiwa kukaa isipokuwa awe mtumishi wa nyumbani.

Lakini mtu aliyeipa barabara hiyo jina hakupata sifa zake katika upande huo. Siasa zake zilikua katika upande wa pili, mashariki mwa jiji, kwenye mitaa ambayo wakoloni waliwatengea Waafrika: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Bahati na mingineyo inayojulikana kwa jumla kama Eastlands. Wakazi wa mitaa hiyo ndio waliomhitaji wakili wakati ambapo kupata wakili lilikuwa suala la kufa na kupona.

Makala haya yanaeleza maisha na kazi ya Clement Michael George Argwings-Kodhek, anayetambuliwa kuwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya.

MWALIMU ALIYEGEUKA WAKILI

Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka wa 1923 huko Gem, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Siaya. Watu wa kwao walimpa jina la utani, Chiedo Moa Gem, ambalo herufi zake za mwanzo, C.M.G., ni zile zile za majina yake matatu ya ubatizo.

Alisomea Makerere, nchini Uganda, kisha akafundisha shule kabla ya kwenda Uingereza mwaka wa 1947. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kuwaona Waafrika wakisomea sheria. Ilitaka walimu, makarani na maafisa wa ustawi wa jamii. Mwanasheria ni mtu wa kuhoji, na utawala uliosimama juu ya amri haukupenda kuhojiwa.

Hata hivyo, kijana huyo aliipata sheria aliyoitaka. Alijiunga na Lincoln's Inn, mojawapo ya vyama vinne vya kale vya mawakili jijini London, na akaidhinishwa kuwa wakili mnamo 1951.

Ni vyema msomaji akumbuke kwamba wakati huo hapakuwa na mahali pa kusomea shahada ya sheria Afrika Mashariki. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka wa 1961, na kile cha Nairobi mwaka wa 1970. Mwafrika aliyetaka kuwa wakili alilazimika kuvuka bahari, na wachache mno walipata nauli na ruhusa.

MSHAHARA NA NDOA

Aliporejea nyumbani, Argwings-Kodhek alikuta kwamba elimu haikufuta rangi. Alipewa nafasi ya kazi katika afisi ya Mwanasheria Mkuu, lakini kwa mshahara wa chini kuliko ule wa Mzungu mwenye shahada kama yake. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa utumishi wa serikali siku hizo: ngazi tatu za mishahara, ya Mzungu juu, ya Mhindi katikati na ya Mwafrika chini. Aliikataa kazi hiyo na kufungua afisi yake mwenyewe.

Maisha yake ya nyumbani nayo yalikuwa changamoto kwa utawala. Alikuwa amemwoa Mavis Tate, mwanamke mzaliwa wa Ireland. Nairobi ilikuwa mji uliogawanywa kwa rangi: Wazungu waliishi magharibi na kaskazini, Wahindi katika mitaa kama Ngara na Parklands, na Waafrika wakawekwa mashariki. Katika mgawanyo huo hapakuwa na mtaa uliotengewa mume Mwafrika na mke Mzungu. Jambo ambalo kwa watu wengine lingekuwa la faragha, kwake lilikuwa la siasa kila alipotoka mlangoni.

HALI YA HATARI

Mnamo Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kote nchini kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa usiku huo na baadaye kushtakiwa Kapenguria, ambako walitetewa na jopo la mawakili wa kimataifa likiongozwa na D. N. Pritt wa Uingereza.

Kesi ya Kapenguria ndiyo inayokumbukwa katika vitabu vya shule. Lakini zilikuwepo kesi nyingine kwa mamia ambazo hazikuwa na waandishi wa habari wa kigeni wala mawakili mashuhuri. Washtakiwa wake walikuwa wakulima, makuli, madereva na wachuuzi. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kupatikana na bunduki au risasi bila idhini, kuwalisha watu kiapo au kuandamana na watu wenye silaha kulitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Mwaka wa 1953 mahakama maalumu ziliundwa ili kesi hizo ziharakishwe. Kufikia mwisho wa vita, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa.

Sheria yenyewe haikuwa sawa kwa wote. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuamuliwa na baraza la Wazungu wenzake. Mwafrika hakuwa na haki hiyo. Kesi yake ilisikizwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao jaji hakulazimika kufuata maoni yao. Mashtaka yalisomwa kwa Kiingereza, na maisha ya mtu yakategemea ufasaha wa mkalimani.

Hapo ndipo Argwings-Kodhek alipojitokeza. Aliwatetea washukiwa wa Mau Mau mahakamani, na kwa sababu hiyo akaitwa wakili wa Mau Mau. Jina hilo lilitolewa na baadhi ya watu kama tusi. Wengine walilitamka kwa heshima. Si haki kusema kwamba alikuwa peke yake. Mawakili wenye asili ya Kiasia, wakiwemo A. R. Kapila na Fitz de Souza, walibeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Lakini kwa mshtakiwa Mwafrika, kumwona Mwafrika mwenzake akisimama mbele ya jaji katika joho la uwakili, akimhoji afisa wa polisi Mzungu kwa Kiingereza kile kile cha wakubwa, lilikuwa jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

Waswahili husema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kazi ya wakili huyo ilikuwa kudai sehemu ya pili ya methali hiyo mbele ya utawala uliojali ile ya kwanza tu.

MLUO AKIWATETEA WAKIKUYU

Jambo lingine huifanya kazi hiyo kuwa ya kukumbukwa. Wengi wa washtakiwa walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Yeye alikuwa Mluo. Utawala ulifanya kila juhudi kuzitenganisha jamii hizo, na mauaji ya wakati huo yaliwasaidia waliotaka utengano.

Mnamo Novemba 1952, Tom Mbotela, aliyekuwa diwani na kiongozi wa zamani wa chama cha KAU, aliuawa Nairobi. Mwaka uliofuata Ambrose Ofafa, diwani na kiongozi wa Luo Union, naye aliuawa. Kuuawa kwa Ofafa kuliwaudhi Waluo wengi jijini. Majina ya wawili hao yamebaki Eastlands hadi leo, katika mitaa ya Mbotela, Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Katika hali hiyo ya shaka na uchungu, ilihitaji moyo kwa wakili Mluo kuendelea kuwatetea washukiwa wa Mau Mau.

Kisha ikaja Operesheni Anvil. Alfajiri ya Aprili 24, 1954, maelfu ya wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi na kuisaka nyumba baada ya nyumba. Watu zaidi ya 20,000 walizuiliwa, wengi wao wakazi wa mitaa ya mashariki, na kupelekwa kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani. Waliozuiliwa kwa amri tu hawakufikishwa mahakamani. Wakili hawezi kumtetea mtu ambaye hajashtakiwa, na hapo ndipo Argwings-Kodhek alipouona mpaka wa sheria na kuelekea zaidi kwenye siasa.

CHAMA KILICHONYIMWA JINA

Eastlands ilikuwa uwanja wa siasa hata kabla yake. Ni katika ukumbi wa Kaloleni ambapo, mnamo Aprili 23, 1950, Makhan Singh alitoa pendekezo la kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Baada ya chama cha KAU kupigwa marufuku mwaka wa 1953, Waafrika walikaa miaka miwili bila chama chochote cha siasa.

Mnamo 1955 serikali ililegeza kamba kidogo. Iliruhusu vyama vya wilaya tu, na Mkoa wa Kati ukaachwa nje. Argwings-Kodhek alijaribu kuandikisha chama cha nchi nzima, Kenya African National Congress. Serikali ilikikataa. Alilazimika kuliondoa neno Kenya, na mwaka wa 1956 chama hicho kikaandikishwa kwa jina la Nairobi District African Congress. Hata kwa jina hilo la wilaya, kiliwapa wakazi wa jiji mahali pa kusemea shida zao.

UCHAGUZI WA 1957

Mnamo Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Kiti cha Nairobi kilimkutanisha Argwings-Kodhek na kijana aliyekuwa ametoka masomoni Oxford, katibu wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya. Mboya alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 400.

Mara nyingi ushindi huo huelezwa kuwa wa ujana, mpangilio bora na nguvu ya wafanyakazi. Hayo ni kweli. Lakini wapiga kura walikuwa wachache. Kura ilitolewa kwa sifa za elimu, mapato, mali au utumishi, na mtu mmoja aliweza kupata hadi kura tatu. Zaidi ya hayo, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa bila cheti cha uaminifu kwa serikali.

Kwa maneno mengine, wengi wa watu ambao Argwings-Kodhek alikuwa ameitetea jamii yao hawakuwa na kura ya kumpa. Baadhi walikuwa Manyani. Wengine walikuwa wamehamishwa kutoka jijini. Na waliosalia Eastlands, wengi hawakuwa na cheti.

UBUNGE, UWAZIRI NA KIFO

Baada ya kushindwa Nairobi, nyota yake haikuzima, ingawa Mboya ndiye aliyetamba katika siasa za jiji. Mwaka wa 1963 Argwings-Kodhek alichaguliwa kuwa Mbunge wa Gem. Jaramogi Oginga Odinga alipojiuzulu mwaka wa 1966 na kuunda chama cha KPU, yeye alibaki katika KANU, na akapanda hadi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Aliaga dunia Januari 29, 1969, akiwa na umri wa miaka 45 au 46. Ilitangazwa kwamba alikufa katika ajali ya gari Hurlingham, katika barabara ambayo sasa ina jina lake. Wapo walioyatilia shaka maelezo hayo, na shaka hiyo iliongezeka baada ya Mboya kuuawa kwa kupigwa risasi Julai 5 mwaka huo huo. Katika uchaguzi mdogo wa Gem uliofanyika Mei 1969, kiti chake kilichukuliwa na Wasonga Sijeyo wa KPU. Chama hicho kilipigwa marufuku kabla ya mwaka kumalizika.

ALICHOACHA

Siku hizi Kenya ina maelfu ya mawakili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kuwekewa wakili na serikali ikiwa bila hivyo atadhulumika pakubwa, na haki ya kuwa na mkalimani bila malipo. Sheria ya msaada wa kisheria ilipitishwa mwaka wa 2016. Mashirika kama Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, yamekuwa yakiwasaidia maskini kwa miongo mingi.

Hata hivyo, kati ya haki iliyoandikwa na haki iliyopatikana bado kuna safari. Atakayefika katika Mahakama ya Makadara, kando ya Jogoo Road, katikati ya Eastlands, atawaona washtakiwa wanaosimama kizimbani bila mtu wa kuwasemea. Kosa lao huenda ni uchuuzi bila leseni au ugomvi wa jirani. Hawakabiliwi na kitanzi, lakini mwezi mmoja rumande unatosha kumpotezea mtu kazi na chumba cha kupanga.

Kwa mtu kama huyo, jina la barabara iliyo upande wa pili wa jiji halina faida. Kilicho na faida ni kile ambacho mwenye jina hilo alikifanya miaka ya hamsini: kusimama, kutaja jina lake mbele ya hakimu, na kusema kwamba anamwakilisha mshtakiwa.