Doctor Psycho

Doctor Psycho ni mhusika mwovu wa vitabu vya katuni vya kampuni ya DC Comics ya Marekani, na hasimu wa shujaa Wonder Woman. Alibuniwa na mwandishi William Moulton Marston na mchoraji H. G. Peter, akatokea mara ya kwanza mwaka 1943. Ni mtu mfupi wa kimo anayewachukia wanawake. Katika hadithi za awali humpumbaza mkewe, Marva, na kumfanya kiti cha mizimu ili apate ektoplazma, dutu anayoifinyanga kuwa sura za watu, ikiwemo ya George Washington. Baadaye alichorwa akipenya akilini mwa watu na kuwaonyesha mazingaombwe. Katika katuni ya televisheni Harley Quinn, iliyoanza 2019, sauti yake iliigizwa na Tony Hale.