Wazungu Waliotaka Kuwa Watumwa

Kama umekulia kanisani huenda umeisikia hii, maana wahubiri wanaipenda, hasa siku ya kuchangia misheni. Vijana wawili wazungu walijiuza utumwani, kwa hiari yao, ili wakawahubirie watumwa wa Karibi. Meli inang'oa nanga, ndugu wanalia bandarini, wao wanapunga mikono. Mahubiri yakifika hapo watu hutoa leso.

Mimi kazi yangu ni ya gazeti, habari tamu kiasi hicho lazima niikague. Watu wenyewe walikuwepo kweli. Leonhard Dober alikuwa mfinyanzi, David Nitschmann seremala, wote wa Herrnhut, kijiji cha Wamoravian huko Ujerumani. (Ndiyo, Wamoravian hawa hawa waliofika Rungwe mwaka 1891.) Mwaka 1731 mtumwa aitwaye Anthony, aliyeletwa Denmark kutoka kisiwa cha St. Thomas, aliwaeleza kwamba watumwa wa kule wanafanyishwa kazi mchana kutwa, na anayetaka kuwahubiria itabidi naye awe mtumwa. Dober akasema yuko tayari. Alikuwa na miaka 26 wakati anaondoka. Hebu jiulize wewe, na miaka yako hiyo, ungejibu nini.

Lakini hawakujiuza. Copenhagen waliambiwa wazi kuwa mzungu hawezi kuwa mtumwa kule. Walifika St. Thomas Desemba 1732. Nitschmann akapiga randa akapata riziki, na mwaka uliofuata akarudi Ulaya. Dober alifanya kazi nyumbani kwa gavana, kisha akawa mlinzi shambani, akaondoka 1734. Uhuru waliokuwa tayari kuutoa, ngozi yao iliwakatalia kuutoa.

Siwadharau, nia ile si mchezo. Ila wahubiri hunyamazia yaliyofuata. Kabla miaka kumi haijaisha Wamoravian walikuwa wamenunua shamba pale kisiwani, pamoja na watumwa wake. Na mwaka 1739 kiongozi wao, Zinzendorf, aliwaambia watumwa kwamba ni Mungu aliyepanga wawepo mabwana na watumwa, hivyo watii. Watumwa wa visiwa vile waliachiwa huru mwaka 1848.

Sasa kuna mtu ambaye sijawahi kumsikia akitajwa mimbarini. Anaitwa Rebecca. Alizaliwa Antigua mwaka 1718, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa St. Thomas. Baadaye aliachiwa huru, na ukijua jinsi mtu mweusi alivyoishi kisiwani pale utaelewa uhuru ule ulikuwa mali kiasi gani. Akajiunga na Wamoravian, akawa anapanda milima usiku kwenda kuwafundisha wanawake mashambani. Watumwa walianza kujaa kwenye mikutano kwa mamia, wenye mashamba wakachukia.

Mwaka 1738 akaolewa na mmisionari mzungu, Matthäus Freundlich. Mwaka huo huo wakapelekwa mahakamani na kutakiwa kula kiapo. Wakakataa, kwa kuwa imani yao iliwakataza kuapa. Wakawekwa ndani. Ndoa yao nayo ikatangazwa si halali. Hukumu ilipotoka, Rebecca aliambiwa kwamba faini isipolipwa atauzwa tena utumwani.

Hapo ndipo ninapotulia kila nikiisoma habari hii. Yule mfinyanzi alijitolea kwenda kwenye utumwa asioujua. Huyu mama aliujua, alikuwa ametoka humo, na bado hakuapa. Alikaa gerezani miezi kadhaa, mpaka Zinzendorf (huyo huyo wa "tiini") alipofika Januari 1739 na kuwatoa.

Aliwahi kuishi Ujerumani, mume akafa, akaolewa na Christian Protten, chotara wa Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo. Walikwenda kufundisha watoto pale Christiansborg, jirani na ngome ambamo Wadenishi walikusanya watumwa wa kupeleka Karibi. Alifia hapo hapo mwaka 1780.