Padri Aliyejifunza kwa Kosa Lake

Mtu akijikwaa njiani, hasira yake huwa juu ya jiwe. Hulitukana, akaenda zake. Na kesho atajikwaa tena pale pale. Wasomaji wapenzi, leo tuwasimulie habari za mtu mmoja aliyeinama akalitazama jiwe lake. Habari hizi ni za huku kwetu, upande wa Kamina.

Placide Tempels alizaliwa mwaka 1906 huko Berlaar, katika nchi ya Ubelgiji. Aliingia shirika la Wafransisko, akapata upadri mwaka 1930, na mwaka 1933 akafika Kongo. Alitumwa kwa Baluba wa Katanga, akafanya kazi katika sehemu za Kamina, mji wetu wa reli, ambao leo ni mji mkuu wa Haut-Lomami.

Bidii hakuikosa. Alihubiri, akafundisha, akaamuru. Lakini baadaye yeye mwenyewe alieleza jinsi alivyokuwa siku zile: alikuja kama mzungu na kama bwana, mwenye kujua yote. Kazi ya watu ilikuwa kusikiliza na kutii. Akaendelea hivyo kwa muda wa miaka kumi hivi, akaona kwamba maneno yake hayaingii mioyoni.

Hapo angaliweza kusema, kama walivyosema wengi, “Watu hawa ni wagumu.” Wazee wa pwani wana methali: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Tempels hakulisingizia jua. Alijiuliza kama kosa haliko kwake mwenyewe.

Basi akaacha kutangulia kusema, akaanza kuuliza. Ninyi ni watu wa namna gani? Mnatamani nini kuliko vitu vyote? Akachunguza maneno na desturi za Baluba, akaona ya kuwa wanatamani uzima wenye nguvu, na uzazi, na umoja wa mapendo. Akastaajabu, kwa maana alitambua kwamba hata moyo wake yeye ulitamani hayo hayo. Mwalimu akawa mwanafunzi.

Mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu kilitolewa kwa Kifaransa mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Humo aliwaambia wazungu wenzake kwamba mtu mweusi anayo hekima yake, tena yenye utaratibu. Si wote waliofurahi. Askofu de Hemptinne wa Katanga alikipinga, na Tempels, aliyekwenda Ubelgiji mwaka 1946, alikaa huko mpaka mwaka 1949 ndipo akarudi Kongo. Mwaka 1953, huko Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa machimbo na wake zao, ikaanza Jamaa. Waliitana Baba na Mama, wakazungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo. Na padri alikaa kati yao kama mwenzao.

Je, tangu hapo hakukosa tena? Alikosa. Aliwasikiliza Baluba, kisha akasema kwa ajili ya Wabantu wote. Mwaka 1956 Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitoa kitabu chake, akaonyesha njia nyingine: kuichunguza kwanza lugha ya taifa moja, yaani ya kwao. Baadaye Paulin Hountondji wa Benin alilaumu wazo kwamba taifa zima lina fikira moja, kana kwamba hakuna mtu mwenye akili zake. Hivyo aliyewasahihisha wenzake alisahihishwa naye. Ndivyo ujuzi unavyokua, kosa kwa kosa. Tempels alifariki mwaka 1977 huko Hasselt, Ubelgiji.

Ndugu, kosa lake la kwanza linatuhusu sisi sote. Baba humpigia mwana kelele kila siku kwa maneno yale yale, kisha hushangaa kwamba hasikii. Kapita huwalaumu watu wake kwa kazi mbovu, na hajapata kuwauliza ni nini kinachowazuia. Mwalimu huona darasa zima limeshindwa, akasema watoto ni wajinga.

Kukosa ni kwa kila mtu. Lakini miaka kumi ni mingi! Wewe uliyejikwaa juzi, usingojee muda huo. Leo jioni keti karibu na yule unayemlaumu, umwulize neno moja, kisha unyamaze umsikilize.