JACK (seva ya sauti)

JACK ni programu huria inayopitisha sauti kutoka programu moja hadi nyingine kwa ucheleweshaji mdogo sana. Iliasisiwa na Paul Davis, mtunzi wa programu ya kurekodia Ardour, na hutumika zaidi kwenye mfumo wa Linux.

Nguvu yake ndiyo chanzo cha adha yake. Sauti hukatwa vipande vidogo. Kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, kipande cha sampuli 256 huipa kompyuta takribani milisekunde 5.3 kumaliza kazi. Ikichelewa, msikilizaji husikia mkwaruzo au ukimya. Kipande kikiongezwa hadi sampuli 1,024, muda hufika milisekunde 21.3 na mikwaruzo hupungua, lakini mtangazaji husikia sauti yake ikichelewa kwenye hedifoni. Tena, kwa miaka mingi, aliyetaka kutumia JACK pamoja na PulseAudio, seva ya sauti ya kawaida ya Linux, alilazimika kuziunganisha mwenyewe, kazi ya kuchosha hata kwa fundi mzoefu.

Kaskazini Mashariki mwa Kenya, adha hii ina uzito wa pekee kwa studio za redio. Tarbaj, eneo bunge la Kaunti ya Wajir, ni nchi ya wafugaji, na redio ya Kisomali ni njia kuu ya habari. Huko fundi hayuko jirani. Kwa studio ndogo ya nyanda hizo, programu inayokwaruza bila kueleza kosa lake kwa lugha nyepesi haifai, hata iwe ya bure.

Adha ya kuunganisha imepunguzwa na PipeWire, seva iliyoanzishwa na Wim Taymans, ambayo huendesha programu za JACK na za PulseAudio kwa pamoja. Fedora 34, toleo la mfumo wa Linux, iliifanya seva yake ya kawaida ya sauti mwaka 2021. Toleo la 1.0 la PipeWire lilitoka Novemba 2023.