UZI: Ruhusa ya kujenga, na nyumba isiyo na ardhi

1/ Kila msimu wa kampeni Eastlands swali ni lile lile: mtu akiongeza chumba bila ruhusa, kibomolewe ama aachiwe? Mimi ni mtoto wa Majengo, Pumwani. Kabla tutukanane, tupitie historia kidogo.

2/ Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 iko wazi. Ukitaka kujenga, ama kugeuza nyumba kuwa duka, unaomba ruhusa kwa kaunti kabla fundi hajaanza. Ukianza bila ruhusa, ni faini ya hadi shilingi 500,000, ama jela hadi miezi miwili, ama vyote. Kaunti isipokujibu kwa siku 60, inahesabika umeruhusiwa.

3/ Sawa kabisa. Lakini ukienda kuomba, swali la kwanza ni: ardhi ni ya nani? Hapo ndipo Pumwani tunakwama.

4/ Mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilitenga Pumwani iwe makao ya Waafrika Nairobi. Watu walipewa ploti, wakajenga nyumba za miti na udongo kwa pesa zao. Ardhi ikabaki ya halmashauri ya mji, wao wakiilipia kodi. Nyumba yako, chini si kwako.

5/ Na walijua hatari yake. Pangani, jirani hapo tu, kijiji kizima kilikuwa kimebomolewa kufikia 1939. Wengi walihamishiwa Shauri Moyo.

6/ Uhuru ukaja 1963. Nyanya yangu alirithi nyumba. Hati hakurithi. Leo anataka choo ndani, maana usiku hawezi kutoka nje. Mabati na mawe yako, fundi yuko. Aombe ruhusa na karatasi gani?

7/ Msinielewe vibaya, ruhusa si mchezo. Mwaka wa 2016 jengo liliporomoka Huruma, likaua watu wapatao 50. Ukaguzi unaokoa maisha.

8/ Lakini kumwadhibu mtu kwa kukosa karatasi ambayo hajawahi kupewa nafasi ya kupata, hiyo ni hadithi ya Pangani tena.

9/ Kwa hivyo mgombea akija mtaani, msimuulize tu "utabomoa ama hutabomoa?" Muulizeni: hati lini? Nyanya anangoja jibu.